Disney World, Universal au Holiday World: Ulinganisho kwa Familia Yenye Bajeti Ndogo

Mzazi anayeishi Louisville, Columbus au Indianapolis, ambaye watoto wake wamekuwa wakimwomba tangu mwaka jana awapeleke Disney, ana uamuzi mzito kuliko unavyoonekana katika matangazo ya televisheni. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili katika miji hiyo ni kubwa, wazazi wengi wanafanya kazi katika maghala, viwanda, hospitali na nyumba za kutunzia wazee, na siku za likizo yenye malipo ni chache. Safari moja iliyopangwa vibaya inaweza kumeza akiba ya mwaka mzima na kuacha deni la kadi ya benki ambalo riba yake itaendelea kulipwa hata baada ya watoto kusahau michezo waliyoipanda.

Katika makala haya ninalinganisha bustani tatu za burudani: Walt Disney World na Universal Orlando, zote za Florida, pamoja na Holiday World ya Indiana. Nitaigusa pia Kings Island ya Ohio, kwa sababu kwa baadhi ya familia hiyo ndiyo jibu lenyewe. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji ajue nasimama wapi: umaarufu wa bustani ni kigezo dhaifu. Vinavyopaswa kuamua ni kimo cha watoto, idadi ya vichwa vitakavyolipa, na kiasi cha fedha kitakachoendelea kutoka mfukoni baada ya kupita lango. Familia iliyoyapima mambo hayo matatu kwa uaminifu haiwezi kupotea sana, hata ikichagua bustani ambayo mimi nisingeichagua.

Kila bustani ikoje

Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 karibu na mji wa Orlando, katika eneo la takriban kilomita za mraba 100. Ndani yake mna bustani nne zinazojitegemea: Magic Kingdom, ambayo ndiyo ya mwanzo, EPCOT ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya mwaka 1989, na Animal Kingdom ya mwaka 1998. Zipo pia bustani mbili za maji. Mgeni asiyelijua jambo hili hununua tiketi ya siku moja akidhani amelipia Disney yote, kumbe amelipia lango moja kati ya manne, na tiketi ya kuhama kutoka bustani moja hadi nyingine siku hiyo hiyo huuzwa kwa nyongeza. Kwa bajeti ndogo nyongeza hiyo haina faida, kwa kuwa bustani moja tu humaliza siku nzima na miguu ya watoto pia.

Kwa msomaji wa Kiswahili, Animal Kingdom ina mvuto wa pekee. Sehemu yake ya Afrika imejengwa kama mji mdogo wa pwani ya Afrika Mashariki uitwao Harambe, wenye kuta za chokaa zilizochakaa na maandishi ya Kiswahili ukutani, na kutoka hapo magari ya wazi huwapeleka wageni katika ziara ya Kilimanjaro Safaris kuwaona twiga, tembo na simba walio hai. Mtoto aliyezaliwa Kentucky ambaye wazazi wake walitoka Bukavu au Mombasa atayakuta pale maneno anayoyasikia nyumbani, na ninaamini jambo hilo lina thamani ambayo haimo katika bei. Kwa bahati njema, Animal Kingdom ndiyo ambayo kwa kawaida tiketi yake ya siku moja huwa ya bei ya chini kuliko zote nne.

Universal Orlando ilianza mwaka 1990 kwa bustani ya Universal Studios Florida, ikaongeza Islands of Adventure mwaka 1999, bustani ya maji ya Volcano Bay mwaka 2017, na Epic Universe tarehe 22 Mei 2025. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba sehemu ya Harry Potter, ambayo ndiyo inayowavuta watoto wakubwa, imegawanywa. Kijiji cha Hogsmeade kiko Islands of Adventure, mtaa wa Diagon Alley uko Universal Studios, na treni inayounganisha sehemu hizo mbili hupandwa tu na mwenye tiketi ya bustani zote mbili kwa siku moja. Epic Universe nayo ina sehemu yake ya tatu ya hadithi hiyo hiyo. Mzazi anayemwahidi mtoto "Harry Potter" bila kuisoma ramani huenda akalazimika kununua tiketi ya juu akiwa amesimama dirishani, mtoto akimtazama usoni.

Holiday World ni kitu kingine kabisa. Iko katika mji mdogo uitwao Santa Claus, kusini mwa Indiana, nayo ilifunguliwa mwaka 1946 kwa jina la Santa Claus Land, miaka 25 kabla ya Disney kufika Florida. Kiingilio chake kimoja hufungua bustani mbili: ile ya michezo ya nchi kavu, na ile ya maji iitwayo Splashin' Safari. Bustani hiyo ya maji imepewa sura ya Afrika, kiasi kwamba bwawa lake la mawimbi linaitwa Bahari, na mojawapo ya miteremko yake inaitwa Bakuli. Hakuna kasri la binti mfalme wala wahusika wa filamu maarufu, lakini rola kosta zake tatu za mbao (treni za michezo zinazopanda na kushuka kwa kasi), yaani The Raven, The Legend na The Voyage, zinajulikana duniani miongoni mwa wapenzi wa mchezo huo.

Mpime mtoto kwanza

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza bei. Mimi ningeanza na ukuta wa sebuleni, futi ya kupimia na penseli, kila mtoto akiwa amevaa viatu atakavyovaa safarini. Katika bustani zote hizi, michezo mikubwa ina kimo cha chini, na wafanyakazi hupima kila mtoto mlangoni bila huruma, kwa sababu ni suala la usalama: kizuizi cha kiti hakiwezi kumshika vizuri mtu mfupi mno. Mtoto aliyepungukiwa na sentimita mbili hatapanda, na hakuna maombi yatakayobadilisha uamuzi huo.

Tofauti kati ya Disney na Universal hujitokeza hapo. Magic Kingdom ina michezo mingi isiyo na sharti lolote la kimo, ambayo mtoto wa mwaka mmoja hupanda akiwa amepakatwa na mama yake. Treni ya Seven Dwarfs inahitaji sentimita 97 tu, Space Mountain inahitaji 112, na TRON, ambayo ni kali kuliko hizo, inahitaji 122. Kwa hiyo familia yenye mtoto wa miaka mitatu, wa mitano na wa minane inaweza kukaa pamoja karibu siku nzima. Upande wa Universal, michezo inayoifanya bustani hiyo isifiwe haiko wazi kwa wadogo: Hagrid's Magical Creatures Motorbike Adventure inahitaji sentimita 122, na VelociCoaster inahitaji 130. Ni kweli kwamba Universal imewajengea wadogo sehemu ya Seuss Landing na, tangu mwaka 2024, DreamWorks Land, lakini mtu akilipa kiingilio kamili ili mtoto wake abaki katika kona mbili, fedha hizo hazijamfaa mtoto.

Ukiwa na vijana wa miaka 12 hadi 17, hesabu hugeuka. Magic Kingdom huwachosha kwa upole wake, ilhali Universal huwashika kuanzia asubuhi hadi usiku. Nimewasikia wazazi wakilalamika kwamba vijana wao walikaa na simu mkononi siku nzima ndani ya bustani iliyogharimu mamia ya dola, na ukiwauliza walikwenda wapi, karibu kila mara walikuwa wamechagua bustani ya watoto wa chekechea.

Holiday World iko katikati. The Voyage inahitaji sentimita 122, wadogo wana sehemu yao iitwayo Holidog's FunTown, na mwaka 2024 iliongezwa Good Gravy!, rola kosta ya kifamilia inayokwenda mbele na kurudi kinyumenyume. Zaidi ya hayo, maji ndiyo yanayoziunganisha familia zenye umri mchanganyiko. Kijana atapanda mteremko mrefu huku mdogo wake akichezea mabwawa ya kina kifupi, na bibi aliyekuja kwa visa ya kutembelea wajukuu atakaa kivulini akiwaona wote.

Kiingilio na hesabu ya vichwa

Tuchukue familia moja ya mfano: baba, mama, na watoto wa miaka 14, 11, 7 na 2. Disney na Universal hazitozi mtoto aliye chini ya miaka mitatu, huwapunguzia kidogo sana walio kati ya miaka 3 na 9, na kuanzia miaka 10 humhesabu mtoto kuwa mtu mzima. Kwa hiyo familia hii, ambayo nyumbani ina watu wazima wawili, langoni ina watu wazima wanne, mtoto mmoja, na mmoja wa bure.

Bei za Disney hubadilika kwa tarehe na kwa bustani. Kwa mwaka 2025, tiketi ya siku moja ilianzia dola 119 kwa Animal Kingdom siku za msimu mtulivu na kufika dola 199 kwa Magic Kingdom siku za sikukuu za Desemba, kabla ya kodi. Familia yetu yenye vichwa vitano vinavyolipa ingetoa takriban dola 600 kwa siku moja ya bei ya chini, au karibu dola 1,000 kwa siku ya bei ya juu, na kodi ya mauzo huongezwa juu yake. Epic Universe ilipofunguliwa, tiketi yake ya siku moja ilianzia dola 139 na kufika dola 199, kwa hiyo asidhani mtu kwamba Universal ni kimbilio la wenye mfuko mdogo kwa upande wa kiingilio. Bustani zote mbili hushusha bei ya kila siku kadiri siku zinavyoongezeka kwenye tiketi, na hapo ndipo wengi huvutwa kuongeza siku ya nne au ya tano. Siku hiyo inaonekana rahisi kwenye tiketi, lakini inahitaji usiku mwingine wa hoteli na milo mingine mitatu ya watu sita.

Kiingilio cha Holiday World nacho hubadilika kwa tarehe, na anayenunua mapema mtandaoni kwa siku ya katikati ya wiki hupata bei nzuri zaidi. Kwa kawaida hulingana na takriban nusu ya tiketi ya Magic Kingdom, au pungufu ya hapo, na bustani ya maji imo ndani yake. Disney na Universal hutoza bustani za maji kando, ingawa tangu mwaka 2025 wageni waliolala katika hoteli za Disney wenyewe wamekuwa wakiruhusiwa kuingia bustani ya maji bure siku ya kufika, na hiyo ni njia nzuri ya kutumia mchana ambao vinginevyo ungepotea kusubiri chumba.

Fedha zinazotoka baada ya lango

Hapa ndipo bajeti nyingi huvunjika, na ndipo ninapotaka msomaji akae kwa muda.

Anza na vinywaji. Siku ya Julai yenye joto la nyuzi 33, mtu hunywa mara nyingi. Soda moja katika bustani za Florida hugharimu takriban dola 5. Watu sita wakinywa mara tatu kwa siku, hizo ni dola 90 za soda peke yake. Holiday World imekuwa ikitoa vinywaji baridi bila malipo tangu mwaka 2000. Kuna vituo kila upande, mtu hujichukulia kikombe na kujaza anachotaka, kisha hurudi tena na tena. Maegesho ya gari ni bure, mafuta ya kukinga ngozi na jua ni bure, na maboya ya kuelelea majini ni bure. Katika bustani za Florida, maegesho peke yake ni dola 30 au zaidi kwa siku. Siijui bustani nyingine ya ukubwa huo ambayo gharama za ndani hazimshtukizi mzazi namna hiyo, na ndiyo sababu kubwa inayonifanya niipendekeze kwa familia yenye watoto wengi.

Kwa upande wa chakula, hata hivyo, Disney inastahili sifa. Inaruhusu wageni kuingia na chakula chao pamoja na vinywaji visivyo na kileo, mradi visiwe katika chupa za glasi, na vibanda vyake vya chakula vinavyouza vinywaji vya kumimina hutoa maji ya barafu bure kwa yeyote anayeomba. Kwa familia ya Kiislamu inayotaka uhakika wa chakula halali, ruhusa hiyo ina uzito mkubwa: mama anaweza kuandaa chapati, kuku wa kukaanga na matunda asubuhi, na wote wakala kivulini bila kuuliza maswali wala kulipa dola 15 kwa sahani ya mtu mmoja. Universal ni kali zaidi. Huruhusu maji, vitafunio vidogo, chakula cha watoto wachanga na cha wenye masharti ya kiafya, lakini mlo kamili wa pikiniki hauingii. Holiday World nayo hairuhusu chakula cha nje ndani ya bustani, ila kuna meza za pikiniki karibu na maegesho, na mgeni anaweza kutoka, kula, kisha kurudi.

Kisha kuna foleni. Hadi mwaka 2020 Disney ilikuwa na utaratibu wa bure wa kuweka nafasi ya kupanda mchezo bila kusubiri sana. Kuanzia mwaka 2021 huduma hiyo ikawa ya kulipia, na tangu Julai 2024 inaitwa Lightning Lane Multi Pass. Hulipiwa kwa kila kichwa, kila siku, na bei hupanda siku za msongamano, huku michezo michache inayopendwa zaidi ikilipiwa peke yake. Universal ina Express Pass, ambayo siku za msongamano inaweza kugharimu sawa na kiingilio chenyewe au kukizidi. Kwa familia ya watu watano wanaolipa, nasema bila kusita: iacheni. Fikeni nusu saa kabla ya kufunguliwa, pandeni michezo mitatu mikubwa kabla ya saa nne asubuhi, na mchana wakati foleni zimejaa ingieni kwenye maonyesho yenye viyoyozi. Wenye mtoto mchanga waombe utaratibu wa kubadilishana, ambao upo Disney na Universal bila malipo: mzazi mmoja hupanda na wakubwa, mwingine hubaki na mtoto, kisha hupokezana bila kupanga foleni upya.

Kuna hali moja ambapo Express Pass hulipa. Hoteli tatu za juu za Universal, yaani Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, humpa kila mgeni wa chumba pasi hiyo bure kwa bustani mbili za mwanzo, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Usiku mmoja hivyo huleta siku mbili za pasi kwa chumba kizima. Familia yenye vijana wanne inaweza kukuta kwamba usiku mmoja wa hoteli ghali ni nafuu kuliko kununua pasi za kila mmoja. Pasi hiyo haiingii Epic Universe, na hilo lisisahaulike.

Kulala na kusafiri

Chumba cha kawaida katika hoteli za bei nafuu za Disney, kama Pop Century na zile za All-Star, hupokea watu wanne, na mtoto aliye chini ya miaka mitatu anaweza kuongezwa kwenye kitanda chake kidogo. Familia yetu ya mfano, ambayo ina watano na mtoto mchanga, itahitaji vyumba viwili, au chumba cha familia cha Art of Animation au All-Star Music, ambacho bei yake huwa juu. Universal ina hoteli za Endless Summer zenye vyumba vya kulala watu sita, na mimi naziona kuwa chaguo bora zaidi kwa familia kubwa inayotaka kulala ndani ya eneo la bustani.

Lakini anayehesabu kila dola atafute nje. Kando ya barabara kuu namba 192 katika mji wa Kissimmee kuna hoteli nyingi zenye kifungua kinywa, na katika Kissimmee na Davenport kuna nyumba za likizo zenye vyumba vinne, jiko na bwawa la kuogelea. Familia mbili zilizozoeana, kwa mfano ndugu wawili na watoto wao, zikichangia nyumba moja na kupika jioni, gharama ya malazi na chakula hushuka sana. Wanachokosa ni mabasi ya bure ya Disney pamoja na nusu saa ya kuingia mapema ambayo wageni wa hoteli za ndani hupewa, na watalipia maegesho.

Kuhusu usafiri, Louisville hadi Orlando ni zaidi ya kilomita 1,350 kwa barabara, mwendo wa saa 13 bila kupumzika, kwa hiyo mwenye busara hulala njiani. Ndege za bei ya chini zipo, lakini soma tiketi vizuri: mzigo hulipiwa kando, na shirika la Allegiant hutua Sanford, ambako ni mbali zaidi na bustani kuliko uwanja mkuu wa Orlando. Kutoka uwanja huo mkuu pia si bure. Basi la Disney lililokuwa likiwachukua wageni wa hoteli zake bila malipo lilikoma mwanzoni mwa mwaka 2022, ingawa maelezo ya zamani mtandaoni bado yanalitaja.

Kutoka Louisville hadi Holiday World ni takriban kilomita 120. Mtu anaweza kuondoka alfajiri, kucheza hadi jioni na kulala nyumbani kwake. Bustani hiyo iko katika eneo la saa za kati za Marekani, nyuma ya Louisville kwa saa moja, hivyo safari ya asubuhi hupata saa ya ziada na ya jioni huipoteza. Anayeishi Columbus, Lexington au Indianapolis ana Kings Island iliyopo Mason, kaskazini mwa Cincinnati, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili. Bustani hiyo ya mwaka 1972 ndiyo yenye The Beast, rola kosta ndefu kuliko zote za mbao duniani, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 2.2. Sharti lake moja linawahusu wenye vijana: kuanzia saa kumi jioni, aliye na miaka 15 au pungufu lazima awe na msindikizaji wa miaka 21 au zaidi, kwa hiyo huwezi kuwashusha watoto langoni na kwenda kazini zamu ya usiku.

Nani achague ipi

Familia yenye watoto wa miaka 3 hadi 8, ambayo imeweka akiba kwa miaka miwili au zaidi na inaweza kulipa safari yote bila kukopa, iende Disney, kwa siku mbili za bustani, si tano. Siku ya kwanza iwe Magic Kingdom na ya pili Animal Kingdom. Jioni ya siku ya pili, waende Animal Kingdom Lodge, hoteli ambayo uwanda wake una twiga na pundamilia wanaoonekana kutoka sehemu za kutazamia zilizo wazi kwa wageni wasiolala hapo. Waende mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari kama shule inawaruhusu, au mwishoni mwa Agosti na Septemba kama wanavumilia joto. Miezi ya kiangazi huko Florida huwa na radi karibu kila alasiri, na radi ikikaribia, michezo ya nje na mabwawa husimamishwa, kwa hiyo waliolipa bei ya juu hupoteza saa ambazo hawatarudishiwa.

Wenye vijana peke yao, wote wakiwa na kimo cha sentimita 122 na kuendelea, nawaelekeza Universal, wakianza na bustani mbili za mwanzo na kuiacha Epic Universe hadi bei zake zitulie. Hapa naelewa kwamba kijana atabisha, kwa sababu Epic ndiyo mpya na ndiyo inayosemwa shuleni. Hata hivyo, bustani mbili za zamani zina michezo mingi inayotosha siku mbili nzima, na fedha zilizobaki zitawatosha kurudi.

Familia ya watu sita au zaidi, yenye kipato kimoja au viwili vya saa, na watoto wa umri mchanganyiko, isiende Florida mwaka huu. Nasema hivyo kwa kuwajali, kwa sababu nimeona jinsi deni la likizo linavyoharibu amani ya nyumba. Holiday World itawapa siku mbili za furaha kamili kwa gharama ambayo isingetosha hata siku moja ya Magic Kingdom. Wanaoishi karibu na Cincinnati waangalie pasi ya msimu ya Kings Island inayojumuisha maegesho na bustani ya maji, ambayo mara nyingi hugharimu chini ya tiketi mbili za siku moja zinazouzwa langoni. Mwenye pasi halazimiki kukaa saa kumi juani ili fedha zake zirudi. Anaweza kuwapeleka watoto Jumapili baada ya ibada, wakacheza saa tatu, wakarudi nyumbani kula. Wanaoishi Pennsylvania wana Knoebels ya Elysburg, iliyoanza mwaka 1926, ambayo haina kiingilio wala ada ya maegesho. Kila mchezo hulipiwa kwa kuponi, hivyo bibi asiyepanda chochote halipi chochote.

Kabla ya kulipa

Usinunue tiketi ya Disney iliyotumika nusu kutoka kwa mtu wa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ni jamaa wa jamaa. Tiketi hizo haziruhusiwi kuhamishwa, na mgeni huchukuliwa alama ya kidole langoni, kwa hiyo mfumo humtambua asiye mwenyewe na fedha huwa zimekwenda. Ukiwa Kissimmee utakutana pia na vibanda vinavyoahidi tiketi za bure au za bei ya kutupa. Sharti lake ni kuhudhuria kikao cha kuuziwa sehemu ya nyumba ya likizo, ambacho humeza nusu ya siku na huwabana watu hadi wakatia saini mkataba wa miaka mingi. Uliza kwanza mahali pa kazi: waajiri wengi wakubwa, zikiwemo hospitali na maghala, wana tovuti ya punguzo la tiketi kwa wafanyakazi, na wengi wetu hatujawahi kuifungua.

Pasi za Kings Island za mwaka unaofuata huanza kuuzwa mwishoni mwa kiangazi kwa bei ya chini kuliko zote, na anayenunua Septemba hutumia pia siku zilizobaki za mwaka huo bila nyongeza, tena anaweza kulipa kwa awamu. Kwa Disney, chagua tarehe ya bei ya chini kwenye kalenda yao kwanza, kisha ndipo uombe likizo kazini. Na kama mtoto akiugua au zamu ikabadilishwa, tiketi ambayo haijatumika haitupwi: siku zake zikipita, thamani iliyolipwa inaweza kuhesabiwa katika ununuzi wa tiketi nyingine, na wewe ukaongeza tofauti tu.